Mtaro wa Syokau

Kikohozi cha Syokau kilikuja mara mbili, kimoja kifupi na kingine kirefu, na Ndululu wa Musyoka alikijua kuliko alivyoijua sura ya mwenye kukohoa. Akikisikia kwenye njia ya kushuka kijitoni, aliiacha njia. Hakungoja kuona leso wala mzigo. Aliingia vichakani na punda wake, akaugeukia mti wowote uliokuwa karibu, akalitazama gome lake kama mtu anayetafuta nyuki, mpaka nyayo zikapita na harufu ya mkonge uliolowa ikapita nazo. Ndipo akarudi njiani.

Syokau alikuwa mama mkwe wake. Ukambani, hiyo ndiyo nthoni: mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani. Hakuna chuki ndani yake. Heshima tu imejaa mpaka imekosa pa kukaa. Kwa wengi jambo hili halina taabu, kwa sababu mama mkwe anakaa mbali huko. Lakini Ndululu alikuwa amemwoa Kavata mwaka wa 1962 kutoka ng'ambo ya pili ya kijito cha Kathima, upande wa Matinyani, na hicho kijito hata mtoto angeweza kukivusha jiwe kwa mkono wa kushoto. Nyumba zote mbili zilikunywa maji ya bwawa moja. Basi wawili hao wakapatana bila kupatana: asubuhi ikawa ya Syokau, alasiri ikawa ya Ndululu na punda. Wakaishi hivyo miaka kumi na mitatu na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Ndululu alikuwa mwalimu, lakini mwalimu wa nusu. Alisoma akaishia darasa la nane. Mwaka wa uhuru watu walikosekana, akaitwa asaidie shule ya karibu na nyumbani, na akabaki hapo mbele ya darasa la tano kama mgeni aliyeambiwa ngoja kidogo. Cheti hakuwa nacho. Watoto hawakujali mambo ya cheti. Aliwafundisha kugawanya kwa mbaazi na kujumlisha kwa mawe, na wakamwelewa. Lakini mwaka wa 1973 ilikuja barua ikisema walimu wote wasio na cheti watakwenda chuoni Kitui mjini kila likizo kwa miaka mitatu, na yule ambaye atakuwa hajapita mwisho wa 1975 aache kazi. Ndululu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu. Hakujua mtu anaamka vipi asubuhi kama hakuna watoto wanaomngoja.

Kiswahili alipita. Hesabu alipita. Kilichomkaba koo ni sayansi. Mwaka wa kwanza alianguka, na mwaka wa pili akaanguka tena, ingawa safari hii aliangukia karibu.

Mkufunzi wa sayansi aliitwa Bwana Karanja, kijana wa Murang'a aliyevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata ugali. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba mwalimu wa sayansi ambaye hajatengeneza kitu kwa mikono yake ni kama mpishi asiyeonja. Basi mwaka ule wa mwisho aliwaambia walimu wake kwamba mtihani mkubwa hautakuwa wa karatasi. Kila mmoja angekwenda kwao, achague maji yaliyochafuka ambayo watu wanayatumia, ajenge kitu cha kuyasafisha kwa vifaa vya hapo hapo, na mwezi wa Agosti yeye Karanja angewazungukia mmoja mmoja. Angekuja na chupa na gazeti. Chupa ikijazwa maji na kuwekwa mbele ya gazeti, maandishi yasomeke. Halafu jambo la pili, na hili alilisema polepole: mtu anayekunywa maji yale ndiye angeeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi, kwa mdomo wake, mwalimu akiwa amenyamaza. Kwa sababu, alisema, kitu kinachoeleweka na fundi peke yake hufa siku fundi anapohamishwa.

Kisha akachora ubaoni mto mpana wenye mawimbi, na uzio wa vijiti unaoelea juu ya maji, unakamata takataka. Ndululu aliinua mkono.

"Mwalimu, na kama mto hauna maji?"

Darasa zima likacheka. Karanja alishusha chaki. "Mto usio na maji, Bwana Ndululu, utausafisha nini?"

"Maji yako chini, mwalimu. Chini ya mchanga."

Karanja aliutazama mchoro wake kwa muda. Kwao Murang'a mito hupiga kelele mwaka mzima, na hakuwa amewaza habari ya mto unaojifunika blanketi ukalala. Alichukua kitambaa akafuta mawimbi yote, zikabaki kingo mbili tupu. "Basi niambieni nyinyi nichore nini," alisema. Tangu siku hiyo Ndululu alimpenda, na akamwogopa zaidi.

Kathima ni mto wa namna hiyo. Mvua ikinyesha unateremka siku tatu kwa hasira, halafu unabaki mchanga. Lakini mahali pamoja mwamba umeukata mto kama kizingiti, na nyuma ya mwamba huo maji hubaki bwawani mpaka Septemba, hata Oktoba ukiwa na bahati. Hapo ndipo watu walipochota. Na hapo hapo ndipo wanawake walipoloweka mkonge. Walikata majani, wakayafunga miganda, wakaizamisha pembeni na kuikandamiza kwa mawe siku nyingi mpaka nyama ya jani ikaoza. Kisha waliipigapiga juu ya mwamba, wakaiosha, ikatoka katani nyeupe ya kusuka viondo na kamba. Maji yakageuka kijani. Yalinuka kama kitu kilichofia kwenye pango, na ukinawa yanakuwasha mpaka shingoni. Kila mtu alilalamika, na kila mtu alikuwa na kiondo nyumbani kwake. Msusi mkuu wa upande ule alikuwa Syokau. Alifiwa na mumewe mapema, na huo mkonge ndio uliomlea Kavata na ndugu zake.

Ndululu alianza kazi mwezi wa Mei, alasiri, saa zake. Alichimba mtaro kutoka bwawani ukipasua ukingo, urefu wa hatua nne, akaujenga pande zote mbili kwa mawe bapa. Chini alipanga mawe makubwa, juu yake kokoto, juu ya kokoto makaa aliyoyapondaponda, na juu kabisa mchanga. Maji yaliingia upande wa juu, yakachujika humo, yakatokea kwenye shimo la chini alilolizungushia miiba ili mbuzi wasisogee. Siku maji ya kwanza yalipotokea, alijaza chupa, akaiweka mbele ya karatasi ya nyimbo za kanisa. Akasoma ubeti wa kwanza wote. Akaketi chini, akausoma tena.

Wiki iliyofuata shimo la chini lilikuwa karibu kukauka, na kidogo kilichopita kilikuwa kijani. Mchanga wa juu ulikuwa umefunikwa na utelezi kama mlenda. Ndululu akatoa ule mchanga, akautupa, akaweka mwingine. Baada ya siku saba, hali ni ile ile. Mara nyingine alikuta mchanga umekwisha kuoshwa na kurudishwa vizuri, akadhani ni Kavata, akashukuru moyoni. Lakini utelezi ulirudi. Mtaro aliukagua Jumamosi tu, lakini Agosti ilipoingia, siku moja katikati ya wiki shule ilifungwa mapema, akateremka adhuhuri. Akakuta juu ya mchanga wake, ndani ya mtaro wake, miganda sita ya mkonge imelazwa kwa mpango mzuri kama watoto waliolala, na kila mmoja umewekewa jiwe safi.

Alifika nyumbani akamwambia Kavata. Kavata alikuwa akichambua maharagwe, na mikono yake ikasimama. Alijua. Alikuwa amejua Jumapili mbili nzima. Siku ya shukrani, Syokau alisimama katika kanisa la kwao Matinyani akamshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe wake. Alisema kwamba kwa miaka kumi na mitatu mtu huyo hakuweza kumwambia hata neno moja jema, kwa sababu desturi haimruhusu. Sasa amelisema kwa jembe. Amemchimbia mtaro wa kulowekea mkonge, umejengwa kwa mawe, una mchanga safi chini ili katani isipate tope, na upana wake ni sawa kabisa na urefu wa jani la mkonge, kana kwamba alikuja akapima. Wanawake walipiga makofi. Wengine walitamani wakwe kama huyo.

Ndululu alikaa kitako juu ya kinu. Upana ule aliupima kwa mpini wa jembe lake.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia nini? Na yeye nimwambie nini? Kwamba mkwe wake anasema mkonge wake unanuka?" Kavata akachukua tena maharagwe. "Mimi nimevalishwa na huo mkonge, Baba Mumbua. Nimesomeshwa nao. Mwambie wewe."

Wakatazamana, halafu wakacheka kidogo, kwa sababu hilo ndilo jambo pekee ambalo Ndululu asingeweza kulifanya chini ya jua.

Naibu wa chifu alipopata habari alijitolea kupiga marufuku mkonge bwawani mara moja. Ndululu alimwomba aache. Aliuliza: mama akusifu mbele za Mungu, halafu wewe umjibu kwa askari? Mutiso wa Tulia, aliyesoma naye chuoni, aliliona jambo hilo rahisi zaidi. Yeye mtihani wake ulikuwa umekwisha pita. Alijenga kizuizi cha kukamata uchafu wa sokoni, na Karanja aliridhika. Alimshauri Ndululu autoe mkonge siku tatu kabla, aoshe mchanga, na Karanja akiondoka aurudishe kama ulivyokuwa. "Huyo atakuja na chupa," Mutiso alisema, "haji na pua." Na kuhusu mtu wa kueleza, si amfundishe Kavata maneno mawili matatu kama kasuku?

Ndululu alilikataa shauri hilo siku saba. Siku ya nane ikawa Jumanne, na Karanja alikuwa anakuja Ijumaa.

Jumanne hiyo alasiri alishuka na punda, akapiga magoti kando ya mtaro, akaondoa jiwe la kwanza. Mikono yake ilikuwa mizito. Hakuwa amewahi kugusa kitu chochote cha mama huyu. Aliona jinsi alivyofunga miganda yake, kila mmoja kwa msokoto wa katani ya zamani, fundo dogo lisilo na haraka. Akaunyanyua mganda mmoja, ukimtiririkia kifuani, na hapo hapo akasikia. Kikohozi kifupi. Kikohozi kirefu.

Hazikuwa saa zake. Na pale ukingoni hapakuwa na mti hata mmoja. Kulikuwa na punda tu. Ndululu alijibana nyuma ya punda, akausukuma uso wake kwenye mbavu za mnyama, mganda bado umo mikononi kama kitu cha wizi.

Nyayo zikasimama juu ya mwamba, ng'ambo.  Kisha alisikia mzigo ukitua na mtu akiketi.

"Punda," Syokau alisema, "leo nimekuja kwa saa zisizo zangu. Unisamehe."

Punda akatikisa sikio.

"Nina swali, na wewe una masikio ya kutosha. Huu mtaro ni wa nini?"

Ndululu alifumba macho.  Lakini wazo likamjia kwamba katika desturi zote alizofundishwa na wazee, hakuna aliyewahi kumkataza mtu kuzungumza na punda wake.

"Punda," alisema, "mwambie mama ni wa mkonge wake."

"Punda, usinidanganye. Mtaro wa mkonge hauwekewi makaa. Niliyaona nilipokuwa naosha mchanga." Kumbe ni yeye aliyekuwa akiosha. "Halafu siku ambazo sikuloweka, maji ya lile shimo la chini yalikuwa mazuri. Nikiloweka yanageuka. Mimi ni mzee, lakini macho ninayo. Nimewauliza wanawake, kila mmoja anaangalia vidole vya miguu. Nimemwuliza Kavata, akasema anakimbia kupika. Saa nne asubuhi."  "Niambie, punda. Mtu akikosea kwa sababu hakuna wa kumwambia, kosa ni la nani?"

"Mwambie mama, ni la aliyechimba akanyamaza."

Baada ya hapo maneno yalifunguka. Ndululu alimweleza punda yote: barua iliyo kwenye kitabu cha Ayubu, miaka miwili ya kuanguka, Bwana Karanja na chupa yake, Ijumaa, na watoto wa darasa la tano ambao huenda wangempata mwalimu mwingine baada ya Krismasi. Alieleza maji yanavyoshuka kutoka mchangani hadi kwenye makaa, na kwa nini. Alisema mengi kuliko aliyowahi kuyasema mbele ya ubao, na mbavu za punda zikalowa kidogo mahali uso wake ulipokuwa.

Syokau alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, hakumtaja punda.

"Niliwaambia watu kanisani," alisema. "Nilisimama nikawaambia."

Hapo ndipo Ndululu alipojua kilichokuwa kinamuumiza. Alifikiri. Maji yalidondoka kutoka kwenye mganda, tone moja moja.

"Punda," alisema, "mwambie mama hakuwadanganya. Shimo la mkonge wake lipo. Ni vile tu sijalichimba bado."

 Halafu Syokau alicheka. Miaka kumi na mitatu, na Ndululu hakuwa amewahi kukisikia kicheko hicho. Kilikuwa kicheko cha Kavata, kimezeeka tu.

"Basi mwambie asichimbe anapofikiria yeye," mama alisema. Akaeleza. Kando ya mto, chini ya njia ya ng'ombe, kuna udongo mwekundu wa kichuguu ambao ukikanyagwa vizuri unashika maji kama chungu. Shimo liwe hapo, mbali na bwawa, na wanawake wote walowekee humo. Tena mchanga aliouweka ni mwembamba kama unga, ndio maana unaziba haraka. Achukue ule wa kona ya juu, maji yanapogeukia, wenye punje kama mtama. Yeye Syokau ameosha katani katika mto huu miaka thelathini. Anajua mchanga upi unapitisha maji na upi unayafunga mlango. Na makaa yasimwagwe ovyo juu ya kokoto, nani atayatoa? Yatiwe ndani ya kiondo kilichosukwa kwa nafasi, kiinuliwe, kioshwe, kirudishwe. Kiondo angekileta yeye.

Alisimama, akachukua mzigo wake. Akakohoa.

"Na huo mganda alioukumbatia," alimwambia punda, "aurudishe taratibu. Umebakiza siku mbili."

Kesho yake asubuhi Kathima ililia kwa nyimbo. Syokau alikuwa ameita mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo mtu akiiitikia leo naye ataitikiwa kesho, na wanawake walikuja kama ishirini na majembe yao. Walichimba, wakamwaga udongo wa kichuguu, wakaukanyaga wakicheza mpaka ukang'aa, wakaihamishia humo miganda yao. Adhuhuri waliondoka. Alasiri Ndululu akaja na kuutoa mchanga wake wa unga, akabeba mwingine kutoka kona ya juu, gunia baada ya gunia juu ya punda, akaulundika. Alhamisi alikuta lundo limechekechwa, vijiti vimetolewa, na pembeni pana kiondo kilichosukwa kwa nafasi na bakuli la isyo, mahindi na maharagwe, limefunikwa na jani. Alikula. Akajaza kiondo makaa, akautandaza mchanga mtaroni, akaosha bakuli, akaliacha juu ya mwamba likiwa limejaa mbaazi. Wawili hao walijenga kitu kimoja siku mbili na hakuna aliyemwona mwenzake.

Ijumaa Bwana Karanja alifika na Landrova ya chuo, suruali imepoteza mstari wake kwa vumbi. Alichota maji ya bwawa kwanza. Bado yalikuwa na ukijani. Akashuka kwenye shimo la chini, akajaza chupa, akaisimamisha mbele ya gazeti, akasoma kwa sauti tangazo lote la sabuni. Halafu akainusa chupa. Mutiso alikosea: alikuwa amekuja na pua pia. Aliinama akainusa tena, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonja mchuzi mzuri asitake kumsifu mpishi mapema.

"Sasa anayekunywa hapa anieleze," alisema.

Kikohozi kifupi kikasikika njiani. Kikafuata kirefu. Karanja aligeuka amwambie Ndululu asifungue mdomo, akakuta hakuna Ndululu.

"Mtahiniwa wangu yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya mwamba, mwalimu," Kavata alisema. "Mama anakuja."

Karanja naye alikuwa ameoa, na huko kwao pia mama mkwe si mtu wa kuchezewa. Alinyoosha tai yake, hakuuliza zaidi.

Syokau alieleza kwa Kikamba na Kavata akamgeuzia kwa Kiswahili, ingawa mikono ya mama ilisema kabla ya Kavata. Aliinua kile kiondo cha makaa kikidondosha maji, akaonyesha. Alisema vitu vikubwa vinashikwa na mchanga, harufu inashikwa na makaa, na mawe ya chini kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutokea. Mchanga huchoka, siku saba, nane, lazima uoshwe. Alimchukua Karanja kwa mkono, jambo ambalo angeweza kumfanyia mtoto wa mtu yeyote isipokuwa mmoja, akampeleka kwenye shimo la mkonge, akamwonyesha maji yake machafu yanavyomwagwa kwenye mikonge iliyo hai, ambayo haikulalamika. Kwa sababu, alisema, unaweza kuchuja mpaka mwisho wa dunia, lakini kama mtu amekaa juu yako anachafua, mshughulikie huyo kwanza. "Na huyo mtu alikuwa mimi."

Karanja aliandika kurasa mbili. Halafu akauliza ni nani aliyemfundisha yote haya.

Kavata alitafsiri swali. Nyuma ya mwamba Ndululu alitega sikio. Hapa palikuwa na jibu moja tu la kumpa alama, na hilo jibu mama mkwe hawezi kulitamka, kwamba alisemeshwa na mkwe wake. Syokau aliangalia mchanga. Aliangalia mwamba. Mwisho akaangalia kule mnyama alikofungwa.

"Punda," alisema.

Kavata hakujua ageuze vipi, akalisema kama lilivyo. Karanja alimtazama punda muda mrefu, akautazama mwamba muda mrefu zaidi, kisha akainama juu ya karatasi yake na kuandika.

Cheti kilifika Januari. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi ya alama, na chini yake maneno ya mkono wa Karanja: Kazi nzuri. Imeelezwa vyema kabisa na mtumiaji. Mtahiniwa hakuonekana. Ndululu aliitoa barua ya zamani kwenye kitabu cha Ayubu, akaweka karatasi hii mahali pake.

Alifundisha miaka mingine kumi na minane. Darasa la tano la kila mwaka lilishuka Kathima likajenga mtaro wake mdogo wa kujifunzia, na wengine waliokuja kuwa walimu walikwenda kuujenga kwa wanafunzi wao, hata huko Makueni. Asubuhi Syokau aliosha mchanga, alasiri Ndululu aliutandaza. Walipokuwa na jambo, punda alifungwa pale ukingoni, lakini si mara nyingi. Kujua tu kwamba njia ipo kulikuwa imara kuliko maneno.

Mwaka wa 1987, kabla ya mvua za Novemba, Syokau alishindwa kuinuka kitandani. Siku moja alasiri alimwambia Kavata amletee punda. Kavata alifikiri ni homa. Ndululu hakufikiri hivyo. Alimfungua mnyama, wakavuka mto, akasimama naye nje, kwenye ukuta wa chumba alicholala mama, dirisha likiwa juu ya kichwa chake.

Kikohozi kilikuja, kile kifupi tu.

"Punda, mwambie mchanga wa mwaka huu asiuchukue kona ya juu. Mto umegeuka. Aende mbele kidogo."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie pia nilimwona." Akapumzika. "Siku ya kwanza kabisa alipokuja kumwulizia Kavata. Hakunijua mimi ni nani, akanisaidia kunyanyua mzigo wa maji, akaniangalia usoni akacheka. Mwambie nilimpenda hapo hapo. Halafu nikaenda kujificha."

Ndululu alijaribu kulikumbuka lile, mwanamke na mzigo wa maji, miaka ishirini na mitano nyuma. Alikumbuka mzigo. Sura haikuja. Akaweka mkono wake ukutani, na akauacha hapo mpaka Kavata akatoka kumwambia mama amelala.

Jumatatu baada ya maziko alishuka Kathima asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Asubuhi haikuwa ya mtu tena. Mchanga ulikuwa juu ya mtaro umejaa utelezi, haujaguswa. Alipiga magoti, akautoa kidogo kidogo kwa mikono, akautia kwenye kiondo cha zamani ambacho mishipi yake ilikuwa imefungwa kwa lile fundo dogo lisilo na haraka, akauosha mpaka maji yakatoka meupe. Akautandaza juu ya mwamba ukauke, kama mama alivyokuwa akifanya.

Punda alikuwa amesimama ukingoni. Yule wa kwanza alikufa zamani. Huyu alikuwa mjukuu wake.

"Punda," Ndululu alisema, "mwambie mama mchanga umeoshwa."

Punda akatikisa sikio.